Hodi Kooni

Rovu lilitolewa Mombasa, mwezi wa Shaabani,
likapimwa, halikuwa saratani. Alhamdulillahi.
Nilirudi Langoni na kovu jembamba chini ya leso
na chupa ya vidonge vidogo kama mbegu za papai.
Mikrogramu mia na ishirini na tano.
Nikacheka. Mikro! Mimi mshona kofia za vito,
nijuaye tundu na tundu kwa ncha ya sindano,
sikuwahi kusikia kipimo kidogo hivyo
kikipewa kazi kubwa hivyo.

Majibu ya kwanza nilijisomea mwenyewe, mfunguo mosi.
TSH: sifuri nukta mbili.
Ni kidogo, nikasema, dawa haitoshi.
Mchele ukipungua mtunguni, si unaongeza?
Nikakata kidonge kwa wembe.
Kila alfajiri, kimoja na nusu.

Mfunguo pili moyo ulinienda mbio nikiwa nimelala.
Jasho, na feni inazunguka.
Sindano ikanidunga mara tatu katika mstari mmoja,
damu ikaingia kofia nyeupe
ya bwana harusi wa Matondoni.
Mavyaa akaushika mkono wangu:
"Yeo watetema, mwanangu. Una nini?"
Nina dawa.

Kadzo, tabibu wa kliniki, aliitazama karatasi mpya:
sifuri nukta sifuri moja.
Hakunigombeza. Aliinuka, akatoka, akafunga mlango.
Hodi.
Nikanyamaza, sikuujua mchezo.
Hodi! Hodi!
HODI!
mpaka mlinzi akachungulia dirishani.
"Karibu," nikasema, nimeona haya.
Kimya. Akaingia, akaketi.

"TSH si dawa iliyomo mwilini.
Ni sauti ya tezi ya ubongoni ikibisha hodi kooni.
Mwenye nyumba ya kooni hayupo tena,
kidonge ndicho kinachoitikia.
Asipoitikiwa mbishaji hupaza sauti, nambari ikapanda.
Akiitikiwa kupita kiasi, karibu, karibu, karibu,
hukosa la kusema.
Ile sifuri nukta mbili ilikuwa inakwambia: punguza.
Wewe ukaongeza."

Nikamuuliza habari za Mwanakheri wa Gadeni:
mbona yeye nambari yake iko chini kila mara,
na daktari wake hutabasamu?
"Yake ilikuwa saratani. Kimya kile kimetakwa.
Wewe unashona kofia, bibi,
umewahi kumpimia mtu kwa kichwa cha jirani?"

Akaniandikia mia. Maji matupu, alfajiri,
saa nzima kabla ya chai ya maziwa.
Vidonge vya madini ya chuma nivihamishie usiku.
Na nirudi baada ya wiki sita.
"Wiki sita! Na moyo huu?"
"Dawa hii huingia polepole na hutoka polepole.
Ukipima kesho, utakuwa unapima jana."

Basi nikangoja.
Wembe nikamrudishia Shekuwe wa duka la dawa,
akaupokea bila kuuliza.
Doa la kofia nililiosha kwa chumvi, halikutoka lote,
nikalishonea juu uzi wa kahawia.
Bwana harusi alilisifu lile ua.
Sikumwambia.

Wiki ya sita: mbili nukta sita.
"Iko sawa," Kadzo akasema, akalaza kalamu.
Nikamwambia mkono umetulia,
lakini nywele bado zinabaki kwenye kitana
na asubuhi nasikia baridi, Lamu hii, kaskazi hii,
watu wanalala darini na mimi natafuta shuka.
Karatasi haina mahali pa baridi.
Kadzo akaivuta, akaichukua tena kalamu,
akaandika pembeni mwa nambari, kwa mkono:
nywele. baridi. aulizwe tena.